Hesabu Zilizompotea Mwalimu Kavindu

Mwalimu Kavindu alianguka mbele ya ubao asubuhi moja ya mwanzo wa mwaka 1998, mvua ya El Nino ikiwa bado inapiga mabati na chaki ikiwa mkononi mwake. Alikuwa akilionyesha darasa la nane jinsi ya kutafuta eneo la duara. Watoto waliokaa mbele walisema baadaye kwamba kwanza aliacha kuandika, akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akateleza polepole mpaka sakafuni bila kupiga kelele.

Shule yake ilikuwa kati ya Kyumbi na Katelembo, kando ya barabara ya kuelekea Machakos mjini, na wazazi wa upande ule wote walimjua kwa mambo mawili: ukali na wepesi wa kichwa. Ungemuuliza kumi na saba mara ishirini na nne, angekujibu mia nne na nane kabla hujafunga mdomo. Alisahihisha madaftari huku akizungumza na mtu mambo mengine kabisa. Mtoto aliyekosa jibu alisimama. Aliyekosa tena alisimama juu ya dawati. Kavindu hakuwa mtu mbaya. Hakuelewa tu jinsi mtu anavyoweza kusahau saba mara nane, kwa sababu yeye hakuwahi kuisahau tangu aliposoma na miguu mitupu kwao mlimani.

Alipozinduka hospitalini mumewe, Kilonzo, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, koti lake la kazi bado lina vumbi la mawe. Kilonzo alikuwa fundi wa kuchonga na kujenga mawe. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, aliinama karibu.

"Mwalimu, unajua uko wapi?"

"Machakos," Kavindu akasema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini neno lilitoka.

"Huyu ni nani?"

"Kilonzo. Baba Wanza."

"Vizuri sana. Saba ukiongeza nane?"

Kavindu akafungua mdomo. Saba aliijua. Nane aliijua. Alijua hata kwamba swali hilo ni la watoto wa darasa la pili. Lakini mahali ambapo jibu lilikaa siku zote hapakuwa na kitu; alikuwa kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kibiriti rafuni asikute hata rafu yenyewe.

"Rudia," akasema.

Daktari akarudia.

"Rudia tena."

Mara hii daktari hakurudia. Aliandika kitu, akamwita Kilonzo nje. Kavindu aliwasikia kupitia mlango uliobaki wazi kidogo. Alikuwa amepatwa na kiharusi: damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo. Mguu utapata nguvu, mkono labda, maneno yamesalimika. Ila ile sehemu inayoshika hesabu imeumia.

"Zitarudi?" Kilonzo akauliza.

"Zingine hurudi, zingine hazirudi. Wakati mwingine ubongo hutafuta njia nyingine, kama mwenyewe atausukuma."

Katika yote aliyoyasikia siku ile, Kavindu alishika hayo mawili tu: njia nyingine, na kusukuma.

Mwalimu mkuu, Bwana Munyao, alikuja kumwona nyumbani akiwa amebeba mkate na sukari. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, asiyependa kusema jambo gumu moja kwa moja. Alizunguka kwenye habari za mvua na madaraja yaliyosombwa, mwishowe akafika.

"Mwalimu, umefanya kazi ya kutosha. Ukitaka kupumzika kwa sababu ya ugonjwa, hakuna mtu atakulaumu. Mimi mwenyewe nitakusaidia kufuatilia."

"Nani amekwambia nataka kupumzika?"

"Sasa utafundisha nini?"

"Hesabu."

Munyao akamtazama Kilonzo. Kilonzo akatazama kikombe chake cha chai.

"Nipe mpaka shule zifunguliwe Januari," Kavindu akasema. "Nikishindwa, nitaenda nyumbani mwenyewe bila kusukumwa."

Alianza kwa njia aliyowafundishia wengine maisha yake yote, yaani kukariri. Alitafuta kitabu cha darasa la pili, akakaa nacho kibarazani akiimba tebo ya saba kwa sauti, kuanzia saba mara moja. Asubuhi aliijua. Kilonzo alipomuuliza mchana, haikuwepo. Akaanza upya, akaimba mpaka koo likamkauka, na kesho yake ikawa vilevile. Wiki zilipita hivyo. Siku moja alikirusha kitabu juu ya ua kwa mkono wa kushoto, kikaangukia shamba la mbaazi la jirani. Kilonzo alikifuata, akakipangusa matope, akakirudisha mezani.

"Mama Wanza, labda tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Zije zenyewe na miguu?"

Jioni hiyo Kavindu hakula. Alikuwa akiwafikiria watoto wote aliowahi kuwasimamisha juu ya dawati, na jinsi walivyokuwa wakimtazama. Sasa alijua walichokuwa wakikiona vichwani mwao. Walikuwa hawaoni kitu.

Hospitalini walikuwa wamemwambia atembee kila siku ili mguu upate nguvu. Alizoea kutembea na fimbo mpaka karibu na njia panda ya Kyumbi, kupumzika kwa Hoodo, kisha kurudi. Hoodo na mumewe Abukar walikuwa wafanyabiashara wa mifugo. Walishusha mbuzi kutoka kaskazini, wakawaweka kwenye boma lao kando ya barabara mpaka wanunuzi wa Nairobi waje. Binti yao alikuwa amepita mikononi mwa Kavindu, kwa hiyo kiti na chai ya tangawizi havikukosa.

Siku hiyo lori lilikuwa limeshusha mbuzi wapya, na Hoodo alikuwa akiwahesabu wakiingia bomani. Aliufungua mlango wa miti, akawaacha watano wapite, akauziba kwa fimbo. Akawaacha watano wengine, akauziba tena, kisha akaangusha kijiwe kwenye kopo. Kavindu alikuwa akitazama tu, bila kufikiria lolote, chai ikipoa mkononi.

"Kumi," akasikia sauti yake mwenyewe.

"Eeh, kumi," Hoodo akasema bila kugeuka.

Mbuzi wakaendelea kupita. Watano wakaingia sawasawa, lakini kundi lililofuata likakatika katikati: watatu wakaingia, wa nne akagoma mlangoni akirudi nyuma.

"Bado wawili," Kavindu akasema.

Sasa Hoodo aligeuka. "Umesema nini, mwalimu?"

"Wameingia wanane. Wanataka wawili wawe kumi."

Hoodo alikuwa na habari ya ugonjwa wake, kama kila mtu pale Kyumbi. Akaiegemeza fimbo yake mlangoni, mbuzi wagome watakavyo. "Wallahi, ni kweli. Ni wanane. Mwalimu, uko sawa?"

Kavindu alikuwa ameweka kikombe chini. Alikuwa ameona jambo. Majibu aliyoyakariri yalikuwa yameondoka, hilo halikuwa na shaka. Lakini kumi bado alikuwa akiiona, kwa macho, kama vidole vya mikono miwili. Na akiiona kumi, aliona pia pengo lililobaki kabla haijajaa.

Alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko mguu ulivyoruhusu. Kilonzo alikuwa jikoni akikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa.

"Niulize saba na nane."

"Mama Wanza, kaa kwanza upumue..."

"Niulize!"

"Haya. Saba na nane."

Akafumba macho. "Nane inataka mbili iwe kumi. Nachukua mbili kutoka kwa saba. Saba inabaki tano." Akasimama kidogo, midomo ikicheza. "Kumi na tano."

Kilonzo akaweka mwiko chini. "Sema tena."

"Kwani hujui kama ni kweli?"

"Najua ni kweli. Nataka tu kusikia tena."

Kuanzia siku hiyo Kavindu hakukariri tena kitu. Kila jibu alilitembelea kwa miguu. Alijipa nguzo tatu ambazo macho yake yaliweza kuzishika: kumi, nusu, na maradufu. Tebo ya tisa hakuihitaji. Alichukua mara kumi, akatoa moja ya ile namba: tisa mara sita ni sitini ukitoa sita, hamsini na nne. Mara tano ilikuwa nusu ya mara kumi. Mara nne ilikuwa kurudufisha mara mbili, na mara nane kurudufisha mara tatu: kumi na tatu ikawa ishirini na sita, kisha hamsini na mbili, kisha mia moja na nne. Katika kutoa aliacha kabisa kukopa kutoka makumi kama vitabu vinavyosema, kwa kuwa kile kilichokopwa kilimpotea njiani. Badala yake alipanda. Kutoka arobaini na saba mpaka themanini na tatu? Tatu kufika hamsini, thelathini kufika themanini, tatu tena. Thelathini na sita.

Iliyomkataa ni tebo ya saba. Saba haikuwa nusu ya kumi wala maradufu ya kitu. Aliihangaikia majuma mengi, mpaka asubuhi moja alipotoka nje akamkuta Kilonzo amepanga mawe ya kuchonga uani, tayari kupelekwa kwa mteja. Yalikuwa mawe manane kwa kila safu, safu saba kwenda juu. Safu mbili za juu zilikuwa za mawe mekundu zaidi, kutoka machimbo mengine.

Kavindu akasimama mbele ya mawe yale mpaka jua likaanza kuchoma.

"Kuna nini?" Kilonzo akauliza. "Yamepinda?"

"Usiyaguse. Safu tano za chini ni mawe mangapi?"

"Arobaini."

"Hizo mbili nyekundu?"

"Kumi na sita."

"Basi saba ni tano na mbili," akasema. "Saba ni tano na mbili, Baba Wanza. Hamsini na sita!"

"Ngai," Kilonzo akasema, akimtaja Mungu kwa Kikamba. Yeye alikuwa ameishia darasa la tano, na saba ndiyo iliyomtoa shule. Mawe yale yalichelewa kufika kwa mteja siku hiyo, kwa sababu mke alimwamuru mume kuyapanga tena, mara safu sita, mara tisa, mara kumi na mbili.

Mwezi wa nane malaria ilimlaza. Homa ilipoondoka iliondoka na kila kitu, hata wawili wanaokosekana kwa nane. Wanza, binti yao, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, alimkuta mama yake amekaa kitandani akihesabu vidole kama mtoto wa chekechea, akalia.

"Usilie," Kavindu akamwambia. "Lete mahindi."

Wakapanga punje mkekani, tano juu na tano chini. Akaanza tena kutoka mwanzo. Safari hii haikuchukua muda kama ile ya kwanza. Majibu yalikuwa yamepotea, lakini alikumbuka njia alizopita kuyafikia, na hiyo ilimpa moyo kuliko kitu chochote tangu alipougua.

Januari ilifika. Munyao, aliyekuwa amekubali kungoja, alimpa darasa la nne ajaribu, na yeye mwenyewe akaja kukaa nyuma ya darasa, mikono imekunjwa kifuani. Watoto walimwogopa kwa sifa zake za zamani. Alipoanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

"Sita mara saba. Syombua."

Syombua, msichana mwembamba wa dawati la pili, alisimama. Akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Mtu akacheka nyuma.

Kavindu akageuka ili atoe jibu, na hapo akagundua kwamba hata yeye hana. Kulikuwa na utupu uleule wa hospitalini. Darasa zima lilikuwa likimtazama, na Munyao pia. Angeweza kukohoa, akafuta ubao, akauliza swali jingine. Mkono ulikuwa tayari umeshika kifutio.

Akakiweka chini.

"Hata mimi sijui," akasema.

Hakuna mtoto pale aliyewahi kusikia mwalimu akitamka maneno hayo.

"Sijui, lakini nitaipata, na Syombua atanisaidia. Sita mara tano unajua?"

"Thelathini, mwalimu."

"Tulikuwa tunataka sita saba. Tumechukua tano. Zimebaki sita ngapi?"

Syombua akahesabu kwenye vidole nyuma ya sketi yake. "Mbili."

"Sita mbili ni ngapi?"

"Kumi na mbili." Uso wa msichana ukaanza kubadilika. "Mwalimu! Ni arobaini na mbili!"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu. Nimeipata."

"Kaa chini. Haya, nani anataka kujaribu tisa mara nane?"

Mikono iliyoinuka haikuwa mingi, lakini mmoja ulikuwa wa Mulwa, mvulana mkubwa aliyerudia darasa mara mbili na ambaye walimu walikuwa wamezoea kumruka. Alizunguka sana, akapotea, akarudi, akasema nane mara kumi ni themanini, sasa atoe nane moja, sabini na mbili. Kavindu alimngoja mwanzo hadi mwisho. Zamani hangeweza kumngoja mtoto hivyo. Sasa alijua mtoto yuko wapi, kwa kuwa na yeye alikuwa akipita palepale.

Baada ya kengele Munyao alimfuata nje.

"Mwalimu, nimefurahi kukuona. Lakini lazima niseme ukweli. Mtihani uko na saa. Hiyo njia yako ni ndefu. Watoto wa shule zingine wamekariri, wanaandika tu."

"Waliokariri waache na mwalimu aliyeshika nafasi yangu," Kavindu akasema. "Mimi nipe wale wanaoshindwa. Kutoka kila darasa."

"Hao? Hao ndio wagumu kabisa."

"Najua. Mimi mwenyewe niko ndani yao."

Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Kilonzo alitoa madawati yale, akaziba ufa wa ukuta, akapanga mawe madogo nje ya mlango, kumi kwa kila safu. Walimu wengine mwanzoni walikiita chumba hicho gereji, mahali pa magari mabovu. Kavindu alisikia, akaendelea kufundisha. Aliwaambia watoto sheria moja tu: hakuna kusema jibu bila kusema njia. Mtoto akisema njia yake na ikakatika katikati, wenzake walisaidia kuitafuta ilipokatikia. Hakuna aliyesimama juu ya dawati.

Si wote waliofaulu. Mulwa alishinda kuzidisha, lakini kugawanya kulimkataa, akatoka shule baada ya darasa la saba akaenda kuchunga ng'ombe kwenye ranchi ya Konza. Kavindu alisikitika sana, akajilaumu kwamba hakumtafutia njia nyingine mapema. Syombua, kwa upande wake, alirudi darasa la kawaida kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata walimu waliokicheka chumba kile walianza kuleta watoto wao wenyewe, polepole, bila kutaka kuonekana.

Kisha ikaja Januari ya 2003, elimu ya msingi ikawa bure, na shule ikafurika. Walikuja watoto, na pamoja nao walikuja watu wazima. Mmoja alikuwa Kamanthe, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto wa kumnyonyesha, aliyekuwa ameacha shule zamani mama yake alipofariki. Munyao alimtuma moja kwa moja kwa Kavindu.

"Mwalimu, mimi niko na kichwa kigumu," Kamanthe akasema mlangoni, mtoto mgongoni. "Kusoma naweza. Hesabu hazikai."

"Hata kwangu hazikai," Kavindu akamjibu. "Ingia. Mtoto mlaze hapo kwenye mkeka."

Kamanthe alikuwa mbishi, na ubishi huo ndio uliomsaidia. Hakukubali njia yoyote mpaka aibomoe na kuijenga tena kwa mikono yake. Kavindu alimwonyesha kuzidisha kwa kumi na moja: thelathini na sita mara kumi ni mia tatu na sitini, ongeza thelathini na sita nyingine, mia tatu tisini na sita. Kamanthe akarudi kesho yake na njia yake: achanisha tatu na sita, ujumlishe mbili hizo, uweke tisa katikati. "Na zikizidi tisa?" Kavindu akamuuliza. Kamanthe akanuna, akaondoka, akarudi baada ya siku kadhaa na jibu: ile moja inapanda juu ya ile ya mbele. Walifurahi siku hiyo kama watu walionunua ng'ombe.

Kamanthe alifanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto waliomfika begani, akapita, na hesabu haikuwa tena somo lake la alama za chini kabisa. Baadaye alimaliza sekondari, akasomea ualimu wa shule ya msingi. Kavindu alistaafu mwaka 2008. Mkono wa kulia haukurudi kamwe, na namba ndefu za kugawanya hakuwahi kuziweza tena bila karatasi.

Jumapili moja, miaka kadhaa baada ya mwalimu kustaafu, Kamanthe alikuja kumtembelea akitoka kanisani. Walikaa jikoni wakimenya viazi, na kabla maji hayajachemka walikuwa tayari wanagombana juu ya ishirini na tano mara thelathini na sita.

"Mia moja ni ishirini na tano nne," Kamanthe akasema. "Gawa thelathini na sita kwa nne, tisa. Mia tisa. Imeisha."

"Mimi kugawa kwa nne siwezi haraka. Nakata nusu mara mbili. Thelathini na sita, kumi na nane, tisa."

"Si ni kitu kimoja, mwalimu?"

"Si kitu kimoja! Mtoto anayeogopa kugawa, nusu haiogopi. Kesho darasani kwako ujaribu zote mbili, uangalie nani anainua mkono."

Kilonzo akachungulia mlangoni. "Na hivyo viazi? Mtavihesabu au mtavipika?"

"Ngoja kidogo," Kamanthe akasema, akafuta mikono kwenye leso. "Mwalimu, nipe ingine. Ngumu."